Tiketi ya Chumba

Phyllis Ayuma hajawahi kushika mpira wa raga, na ukimrushia atakwepa. Lakini uliza mtu yeyote pale Al Thumama, huku ughaibuni, timu ya Kifaru ni ya nani, utaambiwa ni ya Phyllis. Mchana yeye ni mpokeaji wageni kwenye hoteli moja ya Al Sadd, mwenye tabasamu la kazini na jina lake kifuani. Akitoka zamu anakuwa mweka hazina wa klabu ya daraja la pili, ambayo hazina yake, tuseme ukweli, ni bahasha ya kaki.

Na si ile raga unayoijua ya watu kumi na watano. Hii ni ya kumi na watatu. Kila mgeni huuliza wale wawili wameenda wapi, na Phyllis hujibu, "Wako zamu." Anatania, ila ana haki ya kutania. Wachezaji karibu wote ni walinzi, madereva na wahudumu wa hoteli, Wakenya kwa Waganda, na kupata kumi na watatu walio ofu siku moja ni kazi ngumu kuliko mechi yenyewe.

Mwaka huu mambo yalibana. Msimamizi wa uwanja, Mmisri ambaye kila mtu anamwita Mudir kwa sababu ndiye bosi, alitaka riyali elfu tisa kwa mechi tisa za nyumbani. Elfu tano kabla ya msimu kuanza. Elfu nne zilizobaki, siku ya mechi ya kwanza, kabla hajazima taa. Timu isiyo na uwanja inafutwa kwenye ligi, na Kifaru ikifutwa, ndiyo basi tena. Vijana warudi kushinda kitandani siku yao ya ofu wakikodolea simu, na Phyllis arudi kuwa mtu wa "karibu, sir" asubuhi hadi jioni. Hilo la mwisho hakulisema mbele ya watu, lakini ndilo lililomkosesha raha zaidi.

"Si tufanye harambee?" akasema Kiprono, mlinzi mmoja wa Al Rayyan mwenye shingo pana kuliko kichwa, na nguzo ya timu.

"Harambee gani na wewe? Hapa ukizunguka na kopo bila kibali utaenda kujieleza kwa watu usiowajua," Phyllis akamjibu. "Tutauza kitu. Tutauza tiketi za msimu."

Mwenyekiti wa klabu, Joram, mtu wa kompyuta katika ofisi yenye viyoyozi, alikuwa na bei tayari: riyali mia tatu kwa kila mtu. Alikuwa ameiona mahali kwenye klabu ya Wazungu, ikampendeza. "Tukijiuza rahisi, tutaonekana rahisi," akasema, akafuta miwani yake.

Ala! Mia tatu! Kuna walinzi ambao hiyo ndiyo posho yao ya chakula ya mwezi mzima. Phyllis alitaka kusema, akameza, maana mwenyekiti ni mwenyekiti. Zikachapishwa kwenye karatasi nzuri inayong'aa. Wiki mbili baadaye zilikuwa zimeuzwa tatu, zote kwa Joram: yake, ya mkewe Chelsea asiyependa raga, na ya shemeji yake ambaye hata viza hajapata.

Basi Phyllis akafunga safari hadi Al Rayyan kumwona Kiprono chumbani kwao, ajue kosa liko wapi. Chumba cha watu wanane, vitanda vya ghorofa vinne, viatu mlangoni vimepangwa mstari. Mkuu wa chumba ni Silvesta, mtu mzima kutoka Busia, mpole, ndiye anayekusanya pesa za chakula kila mwisho wa mwezi. Akampa mgeni kiti cha pekee kilichokuwemo.

"Sista, si bei peke yake," Kiprono akasema, akamwonyesha ratiba ya zamu za chumba kwenye simu. "Ona. Mechi tisa. Wenzangu humu kila mmoja yuko ofu mbili tu. Mtu alipie tisa aone mbili? Hizo saba nani atamwangalizia?"

Phyllis akatazama huku na huku. Pembeni kulikuwa na sufuria kubwa ya maharagwe imefunikwa, na kando yake sahani za waliokuwa bado kazini.

"Hiki chakula mnalipaje?"

"Cha chumba hicho," akasema Silvesta. "Tunachanga. Anayetoka zamu anakuta chake."

"Na wi-fi?"

"Ya chumba."

"Na lile jiko?"

"La chumba pia, dada. Humu kitu cha mtu mwenyewe ni mswaki tu."

Phyllis akasimama ghafla hadi kiti kikaanguka. "Basi na tiketi iwe ya chumba! Mia moja. Mnachanga kama kawaida."

Silvesta akapiga hesabu kwa vidole, akacheka, akaingiza mkono mfukoni. Yaani hapo hapo, kabla tiketi yenyewe haijachapishwa! Phyllis alitoka humo akitembea kama mtu aliyeongezwa mshahara.

Kwenye duka la uchapaji la Al Sadd akaandikisha maneno machache, maana alijua watu hawasomi marefu: TIKETI YA CHUMBA. KIFARU. MECHI TISA. RIYALI MIA MOJA. Habari ikaruka kwenye magrupu ya WhatsApp, wakuu wa vyumba wakampigia simu hadi akawa anajificha stoo ya hoteli kuzipokea. Kwa siku tisa zikaisha tiketi hamsini. Joram akarudishiwa pesa zake, akazipokea akitazama ukuta. Elfu tano zikaenda kwa Mudir zikiwa zimefungwa kwa mpira, na Phyllis akalala usingizi wa mtoto.

Hesabu yake ya Ijumaa, siku ya mechi ya kwanza, ilikuwa safi. Vyumba hamsini, basi watu hamsini ndani kwa tiketi, mmoja kila chumba, yeyote aliye ofu. Wengine wote watalipa mlangoni riyali ishirini. Wakija mia mbili tu, zile elfu nne zimepatikana. Uwanja wenyewe ungeweza kumeza watu mara tatu ya hao.

Ijumaa saa tisa unusu akaketi getini na Scovia, Mganda wa idara ya usafi hotelini kwao, mbele yao kisanduku cha pesa. Ndege zilikuwa zikishuka kwenda uwanja wa ndege, chini chini, unaona hadi magurudumu. Wa kwanza kufika alikuwa Silvesta, amepiga pasi shati hadi mikono. Akatoa tiketi kwa heshima. Phyllis akamkaribisha apite.

Akapita. Na nyuma yake akapita wa pili, na wa tatu.

"Ngoja, ngoja! Hawa nao?"

"Ni chumba, dada."

"Ndiyo, lakini tiketi ni moja."

"Ndiyo. Ya chumba." Silvesta akawageukia wenzake, akawahesabu kwa kidole. "Chumba chenyewe ndicho hiki."

"Banange!" akasema Scovia, akashika kichwa.

Phyllis akachungulia barabarani. Walikuwa wanakuja kwa makundi, sita, saba, wanane, kila kundi na kikaratasi kimoja kikipepea mbele. Wa zamu ya usiku walikuja na sare tayari, waende kazini moja kwa moja. Wengine walikuwa wamebadilishana zamu na Mnepali fulani kwa ahadi ambazo heri tusizijue. Wote walikuwa na uso wa sikukuu.

Joram akaja mbio, tai begani. "Mmoja kwa tiketi! Mmoja tu! Wengine walipe ishirini!"

Minong'ono ikaanza kwenye foleni. Silvesta hakupandisha sauti. "Dada Phyllis, sisi si watu wa fujo. Ukisema turudi, tunarudi. Ila wi-fi ya chumba tunatumia wote kwa pamoja, hatupokezani. Tuonyeshe tu pale palipoandikwa mtu mmoja."

Phyllis akaigeuza tiketi mbele na nyuma. Hapakuandikwa. Maneno yote yalikuwa yake mwenyewe, na aliyafupisha yeye. Akaziona zile elfu nne zikiondoka, akauona uwanja umefungwa na Kifaru imefutwa kabla ya mechi ya pili, akataka kulia hapo hapo getini. Halafu akawatazama wale watu. Siku sita za kusimama mlangoni kwa wengine, wakifungua na kufunga, leo wafungiwe mlango na yeye?

"Kuandika nimeandika mimi," akasema. "Ingieni."

"Phyllis!" Joram akafoka.

"Mwenyekiti, nimeuza chumba, nimepewa pesa ya chumba. Ingieni, jamani, mnaziba njia!"

Waliolipa ishirini walikuwa kumi na tisa. Riyali mia tatu na themanini, kisanduku chepesi kama kopo tupu. Ndani walikuwa zaidi ya mia tatu.

Na mechi ikawa mechi! Katika raga hii timu ikiangushwa mara sita inanyang'anywa mpira, basi umati ukaanza kuhesabu kwa sauti moja kila wapinzani walipoangushwa: "Moja! Mbili! Tatu!" Walipofika "Sita!" jukwaa lote lilitetemeka. Refa, Mwingereza wa watu, akachanganyikiwa, mara mbili akapuliza kwa hesabu ya Kiswahili badala ya yake. Kiprono akaangusha watu kama magunia. Kifaru wakafungwa ishirini kwa kumi na sita, na jinsi walivyoshangiliwa, waliofunga wakabaki wanajiuliza nani kashinda.

Phyllis hakuona hata nusu yake. Alikuwa akihesabu upya mia tatu na themanini, utadhani zingezaana. Taa zilipokuwa bado zinawaka, mhudumu akaja kumwita: Mudir anamtaka. Joram akamfuata nyuma kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

Mudir alikuwa mlangoni mwa kantini yake, maana kantini pia ni yake. Birika kubwa la chai ya karak lilikuwa limepinduliwa, tupu. Rafu za biskuti tupu. Mpishi wa chapati ameketi juu ya kreti, anajipepea na kifuniko.

"Pesa yangu?" akauliza Mudir.

Phyllis akaweka kisanduku mezani. "Mia tatu na themanini. Sina zaidi. Niliandika tiketi vibaya, wakaingia wote, na sikuwarudisha. Kosa ni langu, si la timu."

Mudir hakukifungua. Alikuwa anatazama nje, watu wanavyotoka wakiimba, vikombe mkononi.

"Wallahi, tangu nianze hapa sijauza chai hivi," akasema. "Ile klabu nyingine inaleta watu thelathini na chupa zao za maji." Akakuna kidevu, akapiga hesabu yake. "Elfu nne, mechi zimebaki nane. Utanipa mia tano kila mechi. Lakini Ijumaa nyingine nitakanda unga mara mbili, kwa hiyo niambie kweli, madam. Tiketi moja inaingiza watu wangapi?"

Nyuma yake Phyllis alimsikia Joram akikohoa kile kikohozi chake cha mwenyekiti. Hakugeuka.

"Chumba kizima," akasema.