Uji wa Adhuhuri Mwezi wa Mfungo

Kwetu Handeni, mwenye shamba akizidiwa na palizi huita majirani, na akiwaita huwapikia. Wakimaliza kwake, wanahamia kwa mwingine. Ndivyo tulivyokuta kwa wazee wetu.

Mwaka ule masika yaliangukia mwezi wa Ramadhani. Jirani yangu, mjane aliyeolewa huku kutoka Vugiri, alikuwa amevunjika mkono, na magugu yalikuwa yanayameza mahindi yake. Palizi ikikosekana wiki ile, wanawe wangekosa chakula cha mwaka. Lakini hakumwita mtu. Kila siku alijitanda mtandio akisema naye amefunga. Mimi nilijua kwamba yeye ni Mkristo tangu utotoni mwake. Hata marehemu mumewe, Mwislamu mwenzetu, hakumtaka abadili dini.

Adhuhuri moja nilimpelekea mchicha nikamkuta ameanguka jikoni. Alikuwa akimeza dawa za hospitali na tumbo tupu. Nikamkalisha, nikamkorogea uji. Aliutazama mlango kwanza, kisha akaanza kulia. Aliogopa kwamba watu wakijua hafungi, hakuna atakayekuja kumlimia.

"Mwanangu, nani kakwambia tunapalilia mashamba ya waliofunga tu? Kunywa."

"Na nitawapikia nini, bibi, na mkono huu?"

"Futari tutaipika wote hapa kwako. Wewe utaonja chumvi. Mdomo wako ndio ulio huru."

Akacheka huku kamasi zinamtoka, akanywa.

Nimefundisha watoto Kurani tangu nikiwa kijana, na bado naona tabu kuwaeleza kwamba funga ya kuogopa watu ni njaa tu. Siku ile sikuhitaji kueleza. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, na nilipofika ya tatu nikakuta habari imenitangulia.

Majirani walikuja alfajiri ya kesho yake, baada ya swala. Jua lilipopanda nilimwomba mjane atoke na uji wake, akae kivulini, anywe dawa mbele yetu. Alifanya ishara ya msalaba kwa mkono mzima. Shemeji yake akaegemea jembe.

"Shemeji, uji huo una tangawizi?"

"Unayo."

"Basi geuka upande wa pili, unanitafutia dhambi."

Watu wakacheka, majembe yakaendelea. Jioni tulifuturu uani kwake, bada, ule ugali wa muhogo, na maharage, na chumvi ilikuwa imezidi. Hakuna aliyelalamika, ila shemeji alimaliza mtungi wa maji peke yake. Namshukuru Mungu aliyenijalia kuiona futari ile.

Mahindi yalipona. Jioni ile, kabla hatujatawanyika, tulipanga zamu zilizobaki, na mjane akasema atakuja kutulelea watoto wadogo pembeni ya shamba, maana jembe haliwezi. Kisha akasema, safari hii bila kuutazama mlango kwanza:

"Isipokuwa Jumapili. Jumapili nakwenda kanisani."

Tukasogeza zamu ya Jumapili ikawa Jumatatu.