Maktaba Isiyo na Vitabu

Mwaka ule nilichoka kabla kazi yenyewe haijaanza. Nilikuwa nimepanga chumba Iyunga, karibu kabisa na barabara kuu, na malori ya Tunduma yalitikisa dirisha langu kutwa. Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu. Mteja wangu mkubwa alikuwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la pembejeo na dawa za mifugo Mwanjelwa.

Asubuhi moja akanipigia. "Dada, njoo uone programu yako inavyotaka kunigombanisha na watu."

Nilimkuta na mfugaji kutoka Usangu, mzee mrefu aliyejitanda shuka, chupa za dawa ya kuogeshea ng'ombe zimejaa miguuni pake. Alikuwa ameagiza mbili kwa simu, kisha akaongeza moja. Programu ikaandika ishirini na moja.

"Mimi nilitaka tatu," mzee alisema kwa upole. "Hizi nyingine ni za ng'ombe wa nani?"

Nilipoangalia tu nikajua. Programu ilizichukua mbili na moja kama herufi, ikazibandika badala ya kuzijumlisha. Niliomba radhi, mzee akachukua chupa zake, nami nikarudi Iyunga kutafuta chanzo.

Programu yangu ilitegemea kile ambacho sisi watu wa kompyuta tunakiita maktaba: kodi, yaani maagizo ya kompyuta, iliyoandikwa na watu wa kujitolea, ikaachwa wazi ili yeyote aitumie bure. Kazi ya maktaba hii ilikuwa kukumbuka kila alichochagua mtumiaji. Ilikumbuka vizuri, ila haikujali imekumbuka nini. Namba au neno, kwake yote sawa. Basi nikaandika kipande kidogo cha kuisaidia. Unakiambia mapema kwamba hapa pakae namba na hapa jina, na mwandishi wa programu akikosea kinamzuia palepale, kosa halijafika dukani. Kilifanya kazi. Ningeweza kuishia hapo, lakini niliwaza kuna wengine wanaobandika mbili na moja mahali fulani, nikakituma ili kiingizwe kwenye maktaba.

Aliyenijibu alikuwa mtunzaji wake, mwanamume wa nchi ya mbali. Badilisha jina. Ongeza majaribio. Maelezo hayatoshi. Nilirekebisha, akarudisha, nikarekebisha tena, akarudisha tena.

Katikati ya hayo mama yangu aliteleza kwenye tope akienda shambani kwake Kalenga, akavunjika mguu. Dada yangu mkubwa akanipigia. "Wewe kazi yako si kompyuta tu? Hiyo unaifanyia popote." Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikapanda basi la Iringa.

Asubuhi nilichota maji, nikawasha moto, nikamwogesha mama na kumgeuza. Mchana nilitoa kiti hadi kwenye ua, maana ndani mtandao haukukamata, nikafungua kompyuta huku baridi ikinipenya vidoleni. Siku moja mama akaniita kutoka kitandani.

"Unaandika nini kila siku?"

"Kodi, mama."

"Kodi? Kwani serikali imekuajiri?"

Nikamweleza kadiri nilivyoweza. Akasikiliza, halafu akauliza, "Na huyo anayekurudishia kazi, umeshamsalimia?"

"Kule hatusalimiani, mama. Ni kazi tu."

"Ndiyo maana mnachokana."

Nilikereka. Lakini nilipotuma masahihisho mengine, chini yake niliandika: habari za huko, u mzima? Jibu lilikuja jioni, refu kuliko yote aliyowahi kuniandikia. Alikuwa anamuuguza baba yake, aliyekuwa amepoteza kumbukumbu na hakumtambua tena. Wenzake walioianzisha naye maktaba walishaondoka mmoja mmoja. "Samahani kama maneno yangu ni makavu," aliandika. "Nimechoka." Nikamwambia kwamba nami niko kwa mgonjwa.

Hilo halikupunguza masahihisho. Aligundua kwamba mtumiaji akifuta kila kitu, kipande changu kinahesabu pengo kuwa sifuri. Nilinuna, kwa sababu alikuwa sahihi. Nikakaa uani mpaka nikalitengeneza.

Kilikubaliwa mchana mmoja nikiwa nafua mashuka. "Imeingia. Asante." Nilidhani nitafurahi. Nilikaa tu kwenye ndoo niliyokuwa nimeifunika, mikono ikichuruzika maji. Baadaye kidogo akaandika tena: je, ningekubali kuitunza maktaba pamoja naye? Nilimjibu ukweli, kwamba siwezi mpaka mama asimame.

Kukawa kimya. Nikadhani amekasirika. Kumbe baba yake alikuwa amefariki. Nilisoma tangazo lake fupi nikiwa nimesimama mlangoni, mama akajua kwa uso wangu kuna jambo. Nilipomwambia, akasema, "Mpe pole yetu. Na kazi zake nani anazifanya?"

"Hakuna mtu, mama. Zimerundikana."

Nilimwelewa. Kwetu mfiwa hapiki; majirani ndio wanaoinjika sufuria. Nilimwandikia pole, nikamwambia akae na msiba wake, yaliyotumwa na wengine nitayasoma mimi. Kisha nikamgeuza mama upande wa pili, nikachukua kiti, nikatoka nacho uani.