Trela la Kumtosha Yeye

Mteja aliyeingia karakana ya matrela na mkewe alitaka trela dogo la kulala, gumu, la kuvutwa kwenye njia za mawe. Fundi aliyekuwa akiwaonyesha matrela tangu asubuhi alishamjua ni mtu wa aina gani kwa mikono yake: laini kama ya mtoto mchanga, na haikuchoka kugonga mabati kama daktari anayepima kifua. Kila alipogonga alisema, "Hili jepesi," kisha akalipiga teke gurudumu lisilo na kosa. Makubwa aliyadharau. "Hayo ni ya wanaohama na majiko. Mwanamume wa porini hahitaji nafasi." Mkewe akasema taratibu kwamba huko porini mumewe hajawahi kulala hata siku moja, naye akajifanya hasikii. Mwishowe alivua viatu, akampa mkewe avishike, akajilaza ndani ya trela dogo kuliko yote, mikono ameitanua ukuta kwa ukuta. "Linatosha," akasema.

"Na mama atalala wapi?" fundi akauliza.

"Huyo hana neno. Atajibana."

Mkewe aliviweka viatu kwenye dimbwi la oili, akaenda kukaa garini, upande wa usukani, akawasha injini.