Siku Chebirir Alipolamba Pikapu ya Baba

Mpaka leo mtu akitaja rangi ya buluu mbele ya shemeji yangu natafuta sababu ya kutoka nje kuangalia kuni, kwa sababu najua kinachofuata ni kicheko, na sikatai, kicheko hicho nilikitengeneza mwenyewe kwa mikono yangu miwili na brashi ya inchi tatu.

Ilikuwa miaka ya tisini, nyumbani kwetu Boito. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nachuma chai ya baba, na nilikuwa mtu wa haya sana (mgeni akiingia kwa mlango wa mbele mimi natokea wa nyuma). Kaka yangu Kibet alitaka kuoa msichana wa Ndanai anayeitwa Chepkemoi. Wazee wetu walikuwa wameenda huko mara mbili na kurudi bila jibu la maana, kwa sababu mjomba wa msichana, mzee arap Rono, ndiye aliyekuwa msemaji wao na hakuwa mtu wa kutabasamu bure. Sasa walikuwa waje kwetu Jumamosi kwa koito, yaani kukaa na wazee wetu, kukubaliana juu ya ng'ombe wa mahari, na kuwaona ng'ombe wenyewe kwa macho.

Baba akatazama boma, akaona kila kitu kiko sawa isipokuwa pikapu yake, ambayo ilikuwa na kutu na mashimo kwenye milango kama imepigwa mawe. Akasema wageni wataikuta hapo mlangoni kabla hawajatukuta sisi. Mimi, sijui nini kilinisukuma, nikasema nitaipaka rangi. Nadhani nilitaka tu nipewe kazi ambayo haina kuongea na watu.

Nilimwendea fundi Momanyi, Mkisii aliyekuwa akitengeneza trekta za shamba la chai, ambaye siku hiyo alikuwa anafunga mzigo kwenda kwao likizo. Alinitajia vitu kwa vidole: msasa, rangi, brashi, tina ya kuchanganya rangi, na pati ya kuziba mashimo. Halafu akaniambia kitu ambacho nilikichukua kwa uzito kuliko vyote, kwamba gari hupakwa kwa kichwa kwanza, mtu atulize moyo, asiwe na haraka, asiwe na hasira. Basi kesho yake nilioga asubuhi na mapema, nikaomba, nikakataa kugombana na mtu yeyote, hata mdogo wangu aliponifichia kiatu nilinyamaza. Moyo wangu ulikuwa tayari kabisa. Vitu ndivyo havikuwa tayari.

Dukani Litein mwenye duka alikuwa mama mmoja wa sauti kubwa. Nilipata msasa, rangi ya buluu na brashi kwa kuonyesha kwa kidole. Tina na pati zilikuwa nyuma, sikuziona, ikabidi niseme. Nikasema. Mama akaweka mkono sikioni.

"Kijana, unaongea na mimi ama na shati yako?"

Nyuma yangu walikuwa wamesimama wasichana watatu, na wakacheka. Hapo ndipo nilipoamua jambo dogo lililoharibu mengine yote. Nilisema basi, zinatosha, nikachukua mfuko wangu nikatoka.

Njiani nikajifariji. Tina ni ya kufanya rangi iwe nyepesi, na mafuta ya taa pia ni mepesi, tena hata harufu zinakaribiana. Pati ilinisumbua zaidi, mpaka nilipoingia stoo na kujikwaa kwenye gunia la chumvi ya ng'ombe. Lilikuwa limepata unyevu wa mvua na chumvi yote ilikuwa imeganda kuwa jiwe (nusura nivunjike kidole), nami nikasimama pale nikishika mguu na kufikiri kwamba hiki kitu ni kigumu kuliko simenti. Nikaiponda, nikachanganya na unga wa ngano na maji, nikaziba mashimo yote ya milango. Ikakauka vizuri sana. Nikapiga msasa, nikapaka rangi juu, na nisiseme uongo, gari lilipendeza. Baba alilizunguka mara mbili, mikono mgongoni.

"Sasa hii ni gari," akasema.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi niligusa mlango, ukanishika kidole. Ijumaa vilevile. Huku kwetu mvua hunyesha karibu kila mchana, na ukungu wa asubuhi unakaa mpaka saa nne, lakini nilijua moyoni kwamba ni yale mafuta ya taa. Je, nilimwambia mtu? Sikumwambia.

Jumamosi wageni wakaja, wazee saba wenye makoti na fimbo. Wakaingia ndani, wakapewa mursik, yale maziwa yetu ya mgando ya kibuyu, na mzee wa kanisa letu akafungua kwa maombi marefu. Kazi yangu ilikuwa kuwaleta ng'ombe karibu na nyumba ili wazee wakitoka wawakute. Nikawaleta, nikawaacha hapo uani, nikaenda kujificha jikoni kama kawaida yangu.

Wazee walipotoka, ng'ombe wote walikuwa wameizunguka pikapu kama wamekuja mkutanoni, wanalamba milango. Wa mbele kabisa alikuwa Chebirir, ng'ombe mwekundu, mwenye maziwa mengi kuliko wote, yule ambaye baba alikuwa amemtaja ndani kwa majivuno. Akainua kichwa. Pua buluu, midomo buluu, na alipotoa ulimi kujipangusa, ulimi nao buluu mpaka ndani.

Mzee arap Rono akamkaribia, akamfungua kinywa, akatazama kwa muda mrefu.

"Hii ng'ombe iko na ugonjwa gani?"

Baba akasema hana ugonjwa, daktari wa mifugo alimpima. Lakini baba mwenyewe alikuwa ameshtuka, na sauti yake ilisikika kama ya mtu anayedanganya. Mzee akawageukia wenzake, akasema polepole kwa Kikipsigis kwamba binti yao hawezi kutolewa kwa watu wanaoficha ugonjwa wa mifugo. Mmoja akaanza kutafuta fimbo yake. Nikamwona Kibet amesimama karibu na tangi la maji, amekunja uso kama mtoto anayejizuia kulia, na kaka yangu hajawahi kulia.

Sikumbuki nilivyotoka jikoni. Nakumbuka nimesimama katikati ya wazee.

"Ni rangi," nikasema.

"Nini?"

"Ni rangi ya gari. Haijakauka. Mimi ndiye nilipaka, nikaweka mafuta ya taa, na yale mashimo nikaziba na chumvi ya ng'ombe."

Nilisema kwa nguvu mpaka kuku wakakimbia. Kisha niliweka kiganja changu chote kwenye mlango wa gari nikawaonyesha, buluu. Mzee arap Rono akaja taratibu mpaka kwenye pikapu, akabandua kipande cha ile pati yangu kwa kucha, akakinusa, halafu (mbele ya wazee wote, na koti lake zuri) akakionja.

"Kweli ni chumvi," akasema. "Tena mingi."

Mzee wa kanisa ndiye aliyeanza kucheka, akashika ukuta. Baba akafuata, kisha wote, na mwisho arap Rono mwenyewe akafuta macho kwa kitambaa. Mama akaleta mafuta ya kupikia na matambara, tukamfuta Chebirir mdomo na ulimi, tukawafuta na wengine, na hakuna aliyeugua. Waliporudi ndani, arap Rono alisema wanamtaka yule yule wa buluu, kwa sababu nyumba yenye kijana anayejitangaza mjinga mbele ya wageni haina la kuficha. Kibet akapata mke.

Wiki iliyofuata baba aliniambia ninunue rangi nyingine nimalize kazi. Nikamtazama usoni nikamwambia hapana, baba, sitashika brashi ya gari tena maisha yangu yote. Sikuwa nimewahi kumwambia hapana. Aliwasha pikapu, akapeleka majani ya chai kituoni ikiwa hivyo hivyo, na alama za ndimi milangoni.