Sauti Niliyompa Bibi Nyabenda

Mimi ni mtu wa sinema, na mtu wa sinema hatishwi ovyo. Najua damu ni rangi. Najua mlango unaojifunga wenyewe una mtu nyuma yake ameshika kamba, na muziki ukikatika ghafla, jiandae. Kwa hiyo ninapokwambia kwamba haya yalinitokea, tena mchana, pale Kibondo, ujue nimeshapima kila ujanja ninaoufahamu na hakuna hata mmoja uliotosha.

Nilizaliwa Kasulu, na Kasulu ndiko nilikojifunza kutafsiri. Kama hujawahi kuingia banda la video, kazi yenyewe ni hii: sinema ya kigeni inaonyeshwa ukutani, sauti yake inapunguzwa, na mimi nakaa kando na maiki nikisema badala ya kila mtu. Steringi ni mimi, adui ni mimi, polisi ni mimi, hata mbwa ikibidi. Mtafsiri mzuri hatafsiri tu, ananogesha, na siri ya kwanza ya kunogesha ni majina. Nani atakaa saa mbili akimwonea huruma mtu mwenye jina asiloweza kulitamka? Steringi unampa jina la fundi baiskeli wa mtaa, adui unampa la mlevi wanayemjua wote, na banda zima linaangua kicheko. Ndivyo nilivyofundishwa, na hapo ndipo nilipokosea.

Sasa, kila mwaka, msimu ule wenzetu wa ng'ambo wanapogombea tuzo zao kubwa za sinema, nami hufanya tuzo zangu. Natafuta zile zinazotajwa kuwania, nazionyesha wiki nzima, na mlangoni napanga makopo, kila sinema na kopo lake. Mtazamaji akitoka anatia punje moja ya maharage kwenye kopo la sinema aliyoipenda. Kibondo maharage hayakosekani. Matokeo yetu na yao hayajawahi kulingana, na mimi nasimama na Kibondo. Wenzetu wanapenda watu wanaolia ndani ya nyumba kubwa. Mtu anakaa mezani anatazama kikombe dakika tano, wanampa tuzo! Sinema ya kutisha huipati hapo ila kwa nadra sana. Na niambie, ni mwigizaji gani anafanya kazi ngumu kuliko yule anayepaswa kukiogopa kitu ambacho hakipo?

Mapenzi yangu mimi ni zile za zamani, nyeusi na nyeupe. Za siku hizi zinakuonyesha zimwi zima, meno na utumbo, mpaka unalizoea. Za zamani zinakuonyesha mlango tu, halafu zinakuacha na mlango huo. Basi mwaka huo niliingiza moja kwenye mashindano, kwa ubishi wangu tu. Bibi kizee aliyekufa anazunguka kijijini usiku akibisha nyumba moja baada ya nyingine. Hasemi neno hata moja. Anabisha, anasimama, anatazama, basi. Kwangu ile ilikuwa inazipita zote zilizowania mwaka ule.

Watu wakapiga miayo. Siku ya kwanza kopo lake lilipata punje nne, na moja ilikuwa yangu. Nilikasirika, nisikufiche. Siku ya pili nikampa yule bibi jina.

Jina lenyewe nililiokota kijiweni. Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nihamie Kibondo na kufungua banda langu, na niliwasikia vijana wakitishana: "Utakutana na Bibi Nyabenda wewe!" Nikadhani ni jina tu la kutishia watoto, kama yalivyo mengine. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza. Bibi alipobisha mlango wa kwanza, nikabana sauti puani: "Fungueni! Mimi Nyabenda! Nimekuja kula watoto wenu!"

Banda likalipuka. Kijana mmoja akapaza sauti, "DJ, unatisha!" Siku hiyo na ya kufuata kopo likawa linajaa kuliko yote.

Spika yangu moja hukaa nje, kuita watu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na Editha, mama wa makamo anayeuza chai na maandazi, na tangu nifike alikuwa hakosi kuniwekea maandazi mawili ya asubuhi. Siku ya nne nikamkuta anafunika meza yake kabla hata ya adhuhuri. Watoto waliotoka shule walikuwa wamesimama mbele yake wakibana pua: "Nimekuja kula watoto wenu!" Nikawafukuza, nikamuuliza kulikoni.

"Nyabenda ni mama yangu, kaka," akasema. Hakuwa na hasira, ndiyo maana nakumbuka kila neno. "Kijijini kwetu walimfukuza, wakasema amemla mtoto wa jirani kwa uchawi. Nikamleta hapa, maneno yakatufuata, na hapa hapa nimemzika mwaka juzi. Watu walikuwa wameanza kusahau. Jana mwenye nyumba kaniambia mwisho wa mwezi nitoke na wanangu. Eti uchawi unarithiwa."

"Sikujua, dada," nikasema.

"Sasa umejua."

Je, niliacha? Nitakwambia ukweli, maana kisa cha kweli hakichagui cha kusimulia. Sikuacha. Kopo langu lilikuwa linaongoza, watu wa saa nane wangekuja kwa ajili ya lile jina, na nikajiambia, hili la mwisho, kesho nabadilisha. Naona aibu mpaka leo.

Saa saba na nusu nilikuwa napanga mabenchi, mvua imeanza, akaingia bibi mmoja. Kitenge cha kawaida, kitambaa kichwani, mkononi kikombe cha bati chenye mfuniko. Sikumfahamu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwana wanje," akajibu, yaani mwanangu, kwa ile lafudhi ya Kiha ya wazee wetu, taratibu, kila neno likimaliza zamu yake. Akautazama ukuta mtupu. "Yule mukecuru wa kwenye sinema, yule kizee, mbona hasemi?"

"Hasemi, bibi. Namsemea mimi."

"Na nani alikutuma?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa, akakipakata kikombe chake.

Watu wakajaa, nikazima taa, sinema ikaanza. Sasa nisikilize vizuri. Mtafsiri hatazami ukuta tu, anatazama nyuso, ili ajue pa kuongeza chumvi. Mwanga wa ukutani hurudi usoni kwa watu: picha ikiwa nyeupe wote wanakuwa weupe, ikiingia giza wote wanapotea pamoja. Nimetazama jambo hilo miaka kumi na miwili. Siku ile ukuta ulikuwa unawaka na kufifia, na nyuso zote zilikuwa zinawaka na kufifia nao, isipokuwa uso mmoja. Bibi wa benchi la nyuma alibaki vilevile, kama mtu aliyekaa nje mchana. Mwanga haukumgusa, na giza halikumgusa. Nilijaribu kutafuta ujanja. Labda tundu kwenye bati. Nikatazama juu, bati zima.

Ukutani yule mfu akafika kwenye mlango wa kwanza, akabisha. Nikaleta maiki mdomoni, nikavuta pumzi kusema maneno yangu niliyoyazoea. Niamini, niliyakusudia. Kilichotoka si changu. Ilitoka sauti ya mzee, taratibu, kila neno likimaliza zamu yake:

"Fungueni. Ni mimi Nyabenda. Nimeleta uji wa mtoto."

Mmoja akacheka, akajisikia yuko peke yake. Ukutani mlango haukufunguliwa. Mfu akaenda wa pili, na koo langu likaenda naye. "Fungueni, mtoto asilale na njaa. Ugonjwa wenu sikuuleta mimi." Mlango wa tatu: "Basi msifungue. Nauacha hapa nje. Ni wa moto, muuonje kwanza."

Nilitaka kuweka maiki chini, mkono haukutii. Niliogopa, sitajifanya shujaa. Milango saba hubishwa kwenye sinema ile, na kwenye yote saba aliomba kufunguliwa ampe mtoto uji. Hakuna aliyekuwa anapiga miayo. Mama mmoja alikuwa analia kwa sauti. Mwenye nyumba wa Editha, ambaye hakosi onyesho, alikuwa benchi la mbele ameinamisha kichwa.

Mlango wa banda ukafunguka, Editha akasimama pale amelowa chapachapa. Alikuwa ameisikia spika ya nje.

"Kaka, hiyo sauti umeitoa wapi?"

Ndipo koo likaniachia. Nikamwonyesha benchi la nyuma. "Kwa yule bibi." Hapakuwa na mtu. Watu wa benchi lile wakaapa kwamba nafasi ile ilikuwa wazi tangu mwanzo, na walishangaa kwamba banda limejaa hivyo na hakuna aliyetaka kukaa pale.

"Alikuwa na kikombe cha bati," nikasema.

Editha akakaa chini sakafuni. "Uji ule niliupika mimi," akasema, na banda zima lilimsikia. "Nilikuwa msichana. Mtoto wa jirani alikuwa anaumwa, wote wanaogopa kumkaribia, mama ndiye aliyempelekea uji. Mtoto akafa asubuhi yake. Sijawahi kumwambia mtu. Niliogopa watasema na mimi nilikuwemo."

Mwenye nyumba alipita karibu naye akitoka. Alisimama kidogo, akasema, "Editha, meza yako inalowa," akatoka, na habari ya kuhama haikutajwa tena, si mwisho wa mwezi ule wala hadi leo. Maharage ya kopo lile niliyamwaga. Nilikuwa nimeyapata kwa jina la mtu, hayakuwa ushindi.

Ungedhani yameishia hapo. Hayakuishia. Tangu siku ile siwezi kuigiza bibi mwingine yeyote. Iwe malkia, iwe mchawi, iwe mpishi, akishakuwa kizee sauti inayotoka ni ile ile, na maneno nayachagua kwa shida. Editha anajua. Siku za Jumapili huvuka barabara akiwa na maandazi mawili, anasema, "Kaka, hebu nisalimie." Namsalimia kwa sauti ile ya mama yake. Anafumba macho. Wakati mwingine baada ya salamu hutoka jambo jingine. Jumapili iliyopita nilimwambia, "Mwanao mdogo anatembea usingizini, komea mlango." Mimi sina habari za usiku wa nyumba yake. Aliyaacha maandazi yakaanguka, akakimbilia nyumbani.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama kazi yako ni kuwasemea watu, kwa maiki, kwa kalamu au kijiweni tu, waite mazimwi yako majina ya sufuria, au waite la kwako. Jina la mtu liache. Mfu hana maiki. Ukimwita kwa uongo atakuja kujisemea mwenyewe, na akishaona koo lako linamfaa, hatahama.