Joto la Gari la Jirani

Mama mkwe ndiye aliyeniambia kwanza: gari la zamani la mzee jirani yetu hapa Raskazone lilichemsha likazimika Mwera. Mzee alipofika mazikoni Pangani kwa bodaboda, dada yake alikuwa ameshazikwa.

Chanzo nilikijua. Mzee hutupa lifti ya kliniki, mimi na mwanangu, na gari lile lilikuwa likipuliza hewa ya moto safari nzima. Mwanangu akatoka vipele shingoni. Niliona haya kumwambia mwenyewe, nikamwambia fundi wake, naye akauziba mpira wa hita, ule unaoleta joto la injini ndani ya gari.

"Mzee anajua?" nilimuuliza.

"Atashukuru tu, shemeji."

Kumbe rejeta ya kupoza injini ni mbovu, na joto lile mzee alilifungulia makusudi ili injini ipumue. Sisi wenye haya tunajiita wenye heshima, kumbe tunasema sana, ila kwa mtu mwingine.

Asubuhi yake nilibisha hodi kwa mzee, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, babu. Fundi nilimtuma mimi."

"Marahaba." Alimtazama mtoto shingoni. "Ungeniambia, mjukuu wangu, ningewakalisha nyuma, kusikofika joto."

Nilipita uani, nikaosha vikombe vya waliokuja kumpa pole.