Mafundo ya Msalaba wa Sista Bernadeta

Harufu ya penseli iliyochongwa kwa wembe huwakumbusha wengi shule. Mimi hunirudisha kwenye karakana ya baba, kando ya barabara iendayo Kwai, huko milimani kwetu: maranda ya saiprasi yaliyonifika vifundoni, ukungu wa Julai ulioingia mlangoni bila kubisha hodi, na redio iliyoshika stesheni moja tu, tena kwa kukoroma. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Baba alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda, milango na madawati, na kwa kuwa watu hawaachi kufa, alitengeneza majeneza pia. Sisi ni Walutheri, lakini kazi ninayotaka kukusimulia ililetwa na mtawa wa Kikatoliki, Sista Nora, mwanamke mrefu kutoka Ayalandi aliyefundisha ushonaji kule parokiani kwao. Mwenzake, Sista Bernadeta, alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Huyo aliishi na sisi milimani muda mrefu kiasi kwamba hata mbuzi walioingia bustanini kwake aliwafukuza kwa Kishambaa.

Sista Nora alitaka msalaba wa mbao kwa ajili ya kaburi la mwenzake, wenye mapambo kama ya makaburi ya kwao. Alitoa kadi kuukuu. Ilikuwa na mistari minene iliyosukana, kila mmoja ukipita juu ya mwenzake kisha chini yake, wala huoni ulipoanzia. Aliyaita mafundo ya Kikelti, yaani ya mababu zake wa kale huko Ayalandi. Baba aliisogeza kadi mbali na uso, akaileta karibu, akaiweka juu ya benchi.

"Itawezekana," alisema.

Majirani walimtania. Mlutheri gani anayewachongea Waroma msalaba?

"Msumari hauulizi dhehebu," aliwajibu.

Siku mbili baadaye nilikuta vipande vitatu vya mbao vimetupwa kwenye maranda. Vyote vilikuwa vimechorwa, na mistari yake imegongana kama ng'ombe wanaogombea lango. Baba aliniita.

"Wewe una mkono wa kuchora. Nenda kwa Sista akufundishe. Utachora, mimi nitachonga."

Nilivimba kichwa, sitakuficha. Nilikuwa na kaka wawili wakubwa, na hakuna aliyewahi kuombwa msaada wa namna hiyo.

Nilikwenda Jumamosi tatu mfululizo.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na rula?"

Nilitegemea kuanza na mistari, kumbe tulianza na nukta. Safu na safu za nukta, zenye nafasi sawa, mpaka karatasi ikafanana na shamba lililokwisha kuchimbwa mashimo ya mbegu. Kisha aliniambia niweke vijistari vifupi hapa na pale. Vijistari hivyo aliviita kuta. Mstari mrefu hutembea kimshazari kati ya nukta, ukigonga ukuta unageuka, kama mpira. Baada ya hapo unauchora mara mbili ili uwe kamba. Kazi ngumu huja mwisho: kila kamba mbili zinapokutana, lazima uamue ipi ipite juu.

"Juu, chini, juu, chini," aliimba Sista Nora, kidole chake kikitembea. "Ukipita juu mara mbili, hilo si fundo tena. Ni kuni zimelaliana."

Nyumbani mama aliitazama karatasi yangu akasema haoni ajabu yoyote, huo ni mkeka uliopotea njia. Lakini jioni ile aliponisuka nywele nilimsikia akinong'ona, juu, chini.

Jumamosi ya tatu Sista aliridhika, na nikaanza kuchora kwenye mbao yenyewe. Baba alikuwa na agizo moja.

"Kandamiza penseli."

"Nimekandamiza, baba."

"Kandamiza zaidi."

Nilikandamiza mpaka risasi ya penseli ikaacha mfereji. Alipitisha kidole gumba kwenye mfereji huo, kisha patasi ikafuata kidole. Nilidhani ndivyo mafundi wote wanavyochonga.

Msalaba ulipangwa kubarikiwa Jumapili. Jumanne, nikiwa napiga msasa, nilifika kwenye mkono wa kulia na kidole changu kikakwama. Juu. Kisha juu tena. Nilirudia mara tatu. Kosa halikuwa la patasi. Lilikuwa la penseli yangu, na sasa lilikuwa limeshachongwa, na mbao iliyotoka hairudi. Niliendelea kupiga msasa mahali pengine, nikanyamaza Jumanne, nikanyamaza Jumatano.

Alhamisi nilishindwa.

"Baba, nimekosea."

"Wapi?"

"Pale, mkono wa kulia."

Aliinama, akatazama muda mrefu. "Wapi?"

Niliona ananitesa, kama mwalimu anayekulazimisha usome jibu lako baya mbele ya darasa. "Pale!"

"Nionyeshe."

Nilishika kidole chake nikakiweka juu ya kosa. Alipapasa, akarudi nyuma, akapapasa tena.

"Umejua lini?"

"Juzi."

"Juzi! Siku mbili unaninyamazia?"

Yaliyofuata aliyasema kwa Kishambaa, lugha ambamo hasira yake ilienea vizuri zaidi. Alipomaliza, alivua koti, akakata sehemu ile kiasi cha kiberiti, akatafuta mbao yenye nyuzi zilizolingana, akaipachika kwa gundi, akaibana kwa jiriwa. Ijumaa nilichora upya.

"Leo utakaa hapa," alisema. "Patasi ikifika kila penye njia panda, uniambie."

Nikakaa. Nikawa nasema, naye akawa anachonga. Nilijua hiyo ndiyo adhabu yangu.

Jumapili, baada ya maombi, Sista Nora alipitisha kidole kwenye kamba yote, midomo ikichezacheza. Alikipita kiraka bila kusimama. Alipomshukuru baba, baba alinisukuma mbele. "Mchoraji ni huyu."

Baada ya hapo baba hakuchonga tena mapambo. Alibaki na milango, kisha akamwachia kaka mkubwa vifaa vyote, akisema magoti yanamsumbua. Tulimwamini. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwalimu Tanga, nilimpeleka kwa daktari wa macho kwa sababu alianza kugonga vizingiti. Daktari alisema ni presha ya macho, ya muda mrefu sana.

"Mzee, ulianza kuona vibaya lini?" daktari alimuuliza.

Baba aligeuza uso kuelekea nilipokaa. "Mwaka ule wa msalaba wa Sista."

Nilisubiri tutoke nje.

"Baba, kwa nini hukusema?"

"Nani angempa kazi seremala asiyeona? Nilikuwa na watoto watatu shuleni." Alitembea hatua chache. "Na wewe, mbona ulininyamazia siku mbili?"

Nilimshika mkono. Nilikuwa nimeishi miaka yote ile nikiamini kwamba katika karakana ile mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anaogopa.